Unene si wa Dar peke yake: njooni na tepu kwenye AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako aliyeandika kwamba unene uliopitiliza ni ugonjwa wa watu wa Dar es Salaam, wa maofisini na wenye magari, na kwamba sisi wa mikoani tuachwe na shida zetu za maji na barabara. Barua ilinikuta na suruali ya mteja mapajani. Ililetwa nifumue mshono wa nyuma niongeze kipande, maana haifungi tena, na mwenye suruali hajawahi kukaa ofisini hata siku moja. Ni mkulima wa korosho kutoka upande wa Lulindi.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Masasi, karibu na soko la Mkuti. Madaftari yangu ya vipimo ninayo tangu Mzee Mkapa, mwenzetu wa Lupaso, akiwa Ikulu. Yamelowa mvua, yametafunwa na mende pembeni, lakini namba zinasomeka: kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Nikifungua ya zamani nakuta mabibi harusi wa kiuno inchi 26, inchi 28, na wa 32 nilimwandikia "mnene" pembeni ili nisikosee kitambaa. Siku hizi wa 32 ndiye mwembamba wa shughuli. Mama wa makamo akija kupima sare, tepu inasimama 38, 40, 42, naye anacheka: "Andika tu fundi, mwili wa uzazi huo." Zamani niliacha nusu inchi ya akiba ndani ya mshono. Sasa naacha inchi nzima kila upande, kwa sababu sare inayopimwa Oktoba, korosho zikianza kuuzwa, ikifika Januari inarudi kwangu itolewe.

Na hao ni wale wanaokubali kupimwa. Wengi wamehamia kwenye dera. Dera halina kiuno, kwa hiyo anayelivaa mwaka mzima hana nguo ya kumwambia kwamba ameongezeka. (Silipigi vita dera. Ndilo linalonilipia kodi ya kibanda.)

Najua daftari la fundi si utafiti. Watu huzeeka, na mtu akizeeka hutanuka. Lakini tafiti za kitaifa za afya zinasema jambo lile lile kwa lugha yao: mwaka 2010, wanawake 22 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Utafiti wa 2015/16 ukakuta wamefika 28. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima, na nchi nzima haitoshi kuenea Kinondoni na Ilala.

Kuna muuguzi, mteja wangu, ndiye aliyenifungua macho kuhusu hii tepu ninayoivaa shingoni kutwa. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke akizidi sentimita 80 kiunoni, yaani kama inchi 31 na nusu, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inaanza kupanda. Akizidi 88, kama inchi 35, hatari ni kubwa. Kwa mwanaume ni sentimita 94, inchi 37, kisha 102, inchi 40. Nilipozisikia namba hizo nilirudi kwenye madaftari nikayafunga haraka.

Akanionyesha na jambo jingine ambalo mafundi wenzangu watalielewa mara moja. Kiuno chetu na kiuno cha daktari si kimoja. Sisi tunapima pale suruali inapokaa, na mwanaume mwenye kitambi huishusha suruali chini ya tumbo. Ndiyo maana unamkuta mtu anavaa namba 36 miaka yote, anajisifu hajabadilika, kumbe tumbo lenyewe ni 44. Daktari anapima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ameshusha pumzi, bila kujikaza. Kujikaza ndiko kunakotushinda. Hakuna mwanaume anayesimama mbele ya tepu akaliacha tumbo lake lilivyo.

Tumbo linaangaliwa hivyo kwa sababu mafuta yanayokaa ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoifanya insulini, kichocheo cha mwili kinachoondoa sukari kwenye damu, ishindwe kazi yake, sukari ikabaki kwenye damu, na ndiyo yanayosukuma presha juu. Kutoka hapo ni kiharusi, moyo, figo. Magoti nayo yanasagika kwa uzito. Hata baadhi ya saratani zinaambatana na unene: ya matiti kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ya mji wa mimba, ya utumbo mpana.

Sasa nimweleze msomaji wako gharama ya huku kwetu ilivyo, maana yeye aliandika kama vile sisi hatuna cha kupoteza.

Shemeji yangu, mume wa dada, analima korosho upande wa Newala. Kijiweni walimwita Bosi kwa ajili ya tumbo lake, na jina alilipenda. Hakuwahi kupima presha kwa sababu hakuwahi kuumwa. Mwaka juzi, katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho dawa, dada aliamka akamkuta mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haushiki. Siku mbili za kwanza ziliishia kwa mganga, maana wazee walisema ni upepo mbaya. Hospitali walipomfungia mashine, namba ya juu ya presha ilikuwa imepita 200, na sukari nayo ilikuwa juu. Daktari alituambia hivyo vitu viwili havikuanza wiki ile. Vilikuwa naye miaka.

Gari la kukodi lililipwa kwa fedha ya kikoba. Kitanda, dawa na vipimo vililipwa kwa kangomba. Wasio wa huku niwaeleze: kangomba ni kumuuzia mtu korosho zako kabla ya msimu, kimyakimya, kwa bei anayoitaka yeye. Mikorosho ya shemeji ilikuwa bado maua. Dada aliuza maua yale chini ya nusu ya bei iliyokuja kutangazwa kwenye mnada, na asingeweza kufanya vingine, maana duka la dawa halisubiri Oktoba.

Haikuishia hapo. Salfa, dawa yenyewe ya kupulizia, ilishanunuliwa, imekaa ndani, lakini mbeba mashine ya kupulizia ndiye aliyelala. Kijana wao, fundi umeme aliyekuwa anapata riziki Mtwara mjini, alirudi nyumbani kumgeuza baba yake kitandani na kumpeleka chooni. Dada akafunga genge. Kufikia kibarua apatikane, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulishaingia kwenye maua, na sehemu kubwa ya shamba haikuzaa. Kwa hiyo hesabu ya kiharusi kimoja ni hii: gharama ya hospitali, korosho za mwaka ule zilizouzwa kwa hasara, korosho ambazo hazikuzaliwa kabisa, kipato cha kijana, kipato cha dada, na mkopo wa pembejeo ambao chama cha ushirika hakikuwasamehe. Shemeji yu hai, tunamshukuru Mungu. Anatembea kwa fimbo. Vidonge vya presha na vya sukari ni kila siku mpaka mwisho wa maisha, na kila mwezi vinalipiwa.

Hakuna wizara inayoiandika hesabu ya namna hii, lakini naamini ndiyo inayolidondosha taifa. Kuna nchi zilizojaribu kuandika ya kwao. Mwaka 2019 OECD, umoja wa nchi nyingi tajiri, ilikokotoa kwamba magonjwa yanayoletwa na uzito uliozidi yanakula asilimia 8.4 ya fedha za afya za nchi hizo, na kwamba pato lao la taifa linakuwa dogo kwa asilimia 3.3 kwa sababu watu wanaugua, wanakosa kazini, wanastaafu mapema au wanakufa. Mwaka 2023 Shirikisho la Unene Duniani likasema mambo yakiendelea hivi, ifikapo 2035 dunia itakuwa inapoteza zaidi ya dola trilioni 4 kwa mwaka, karibu asilimia 3 ya pato lote la dunia. Wenzetu wanabeba mzigo huo wakiwa na mifuko ya bima na mashine za kusafisha damu kila mji. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi anahitaji kusafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara. Mwambie mtu wa Nanyumbu au Liwale apange safari hizo, halafu umuulize shamba atalilima lini.

Bima ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilitangazwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Ni jambo jema. Lakini mfuko wowote wa bima utakaokaa unasubiri kiharusi, badala ya kukizuia, utakauka, uwe wa serikali au wa malaika.

Msomaji wako atauliza: hawa watu wa korosho unene wanautoa wapi? Ngoja nimjibu kwa kile ninachokiona kutoka kibarazani kwangu.

Fedha ya korosho haiji kidogo kidogo. Inaingia benki kwa mkupuo mnada ukishalipa, na katika majuma hayo barabara hii inanuka mafuta ya kukaangia kuanzia asubuhi. Chipsi mayai, kuku wa kisasa, mishikaki, chapati mbili na maharage yaliyoungwa mpaka mafuta yanaelea. Kila aliyelipwa anamnunulia mwenzake soda, na kumpa mgeni maji matupu ni kumdharau. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 hadi 40, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Huku kwetu chai ya asubuhi peke yake inashazimaliza.

Kisha zinafuata shughuli za unyago na jando, harusi, ngoma za kuwatoa wali, yaani vijana waliomaliza jando na unyago. Sahani ya pilau haina aibu siku hizo. Na fedha zikiisha, kama Machi au Aprili, watu hawarudi kwenye ugali wa muhogo na mbaazi kama bibi zetu. Wanabaki na vitumbua, maandazi na mafuta ya kupima, kwa sababu ndivyo vinavyoshibisha kwa mia tano. Samaki wa Mtwara mjini akifika Masasi ana bei ya mjini. Ming'oko, ambayo tulikuwa tunaichimba porini na kuila na chumvi na pilipili, sasa wanaiuza stendi kwa wasafiri. Kwa hiyo unene huu si wa shibe. Ni wa chakula cha bei rahisi, na ndiyo maana unakaa nyumba moja na utapiamlo. Utafiti wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Nimepima sare za shule za watoto ambao mama zao ni inchi 40 na wao nguo za rika lao zinawapwaya, na wataalamu wanasema mtoto aliyedumaa akija kupata chakula kingi ukubwani yuko kwenye hatari zaidi ya kunenepa na kuugua kisukari.

Miguu nayo imestaafu. Mama zetu wa Newala walikuwa wanashuka bondeni kufuata maji na kupanda mlima na ndoo kichwani. Sitamani dhiki ile irudi, na anayeitamani akaibebe yeye. Lakini siku hizi kutoka Mkuti hadi msikitini, mahali ambapo ukipiga kelele unasikika, mtu anaita bodaboda.

Liko na jambo la heshima ambalo wataalamu kutoka Dodoma huwa hawaligusi. Kwa miaka mingi, wakati wa janga la UKIMWI, kukonda kulikuwa hukumu. Mtu akipungua kidogo, mtaa mzima ulishasema ana miwaya, yaani ana virusi. Tumezika watu wengi hapa Masasi, na woga ule haujatutoka. Nina mteja aliyeambiwa na daktari apunguze kilo, akapunguza kweli, akaja nimbanie magauni. Baada ya mwezi alirudi niyaachie, akasema shemeji zake wameanza kumtazama vibaya na mumewe kaulizwa maswali kijiweni. Huyo ukimpa kipeperushi cha lishe humsaidii kitu. Anahitaji mtaa mzima uwe unapima, ili kupungua kwake kuwe na maelezo.

Mazoezi ya Jumamosi tunayakumbuka. Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Nilipata oda nzuri ya truksuti, miezi ya kwanza viongozi walikimbia mbele na watumishi nyuma. Mkulima hakuwemo. Yeye Jumamosi alikuwa shamba au sokoni, na hakuna aliyemwambia kuwa linamhusu.

Kuhusu soda nina neno moja tu kwa wabunge wetu wa kusini. Mexico walianza kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji cha sukari mwaka 2014, na watu wakapunguza kununua. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 wanatoza kwa gramu za sukari zilizozidi kiwango, kwa hiyo kiwanda kinachopunguza sukari kinalipa kidogo. Sisi ushuru wetu unahesabu lita. Soda tamu na soda isiyo na sukari nyingi zinalipa sawasawa, basi mwenye kiwanda apunguze sukari kwa faida gani?

Ombi langu kubwa ni la hapa hapa. Mkulima wa Mtwara na Lindi anapatikana mahali pamoja, siku zinazojulikana: kwenye ghala la AMCOS anapopeleka gunia, na kwenye mkutano wa mnada. Pale kuna mizani, na mkulima anaikodolea macho, anagombania hata kilo moja isimpotee. Anasubiri saa nzima au zaidi kwenye foleni bila kazi. Pembeni ya mizani hiyo iwekwe meza moja, muuguzi mmoja, mashine ya presha, kipimo cha sukari cha kidole, na tepu. Atakayezidi inchi zile za hatari aambiwe, atakayekutwa na presha aandikiwe aende zahanati. Mwenyekiti wa chama cha ushirika naye apimwe, mbele ya watu, ili isionekane wanapimwa wanaodhaniwa wana miwaya.

Fedha zipo. Halmashauri inachukua ushuru wa asilimia 3 kwenye korosho zetu kila msimu. Siombi wajenge jengo wala wanunue gari. Betri za mashine ya presha tu zingekuwa mwanzo: nimefika zahanati moja, sitaitaja, mashine ipo mezani imefunikwa kitambaa kizuri, haifanyi kazi kwa kukosa betri, na mhudumu ananiambia nipite wiki ijayo. Betri zile zinauzwa dukani, hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu.

Madiwani wa Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Ruangwa huanza vikao vya bajeti mara tu msimu wa minada unapoishia. Wakiweka kifungu hiki, Oktoba inayofuata kazi inaweza kuanza. Tepu za kupimia nitazitoa mimi, na kwa mafundi wenzangu kila mji nina uhakika zitapatikana nyingine. Na muuguzi atakayepangiwa huku, aje kibarazani kwangu nimwonyeshe jinsi ya kumfanya mwanaume aache kujikaza.

Fundi cherehani,
Mkuti, Masasi,
Mtwara